Mashuka Yakipanda Kutoka Kyela

Mtu wa kwanza niliyemsikia akigombana na mawingu alikuwa dobi wa hoteli ya mawe. Alisimama uani, mikono kiunoni, akayatazama yakishuka kutoka Mlima Rungwe, akayaambia, "Jamani, hata saa moja? Hata saa moja tu mmeninyima?" Mawingu yakamwaga palepale. Akacheka, akaanza kuanua.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kinatazamana na geti la hoteli hiyo, katikati ya mji wa Tukuyu, na nimekaa hapo tangu nikiwa binti wa kuwashiwa pasi ya mkaa hadi leo wajukuu wananipigia simu ya picha. Kwa hiyo ninayoyasema sikuhadithiwa. Niliyaona, na mengine niliyashona kwa mkono wangu. Dobi alizaliwa wapi na kwa nani, hayo waulizeni ndugu zake wa pwani. Mimi nilimkuta yupo, kama nilivyoikuta hoteli ipo, na nilivyokuwa mjinga nilidhani vilijengwa pamoja.

Jina lake halikutumika sana. Mji mzima ulimwita Dobi. Yeye aliniita Fundi, na siku akiwa na shida na mimi aliniita mwanangu, nami nikajua hapo kuna shuka limechanika.

Asiyeijua Tukuyu hawezi kuielewa kazi ya mtu huyu. Huku kwetu mvua haipiti, inaishi. Nguo ukiifua Jumatatu, Alhamisi bado inadondosha. Ukiikunja mbichi inavunda. Ukiiweka kabatini kavu kabisa ukaisahau, siku ukiikumbuka ina vidoadoa vyeusi vya ukungu, na hapo hata ulie haitoki. Sasa fikiria hoteli nzima, vyumba juu na chini, na kila kitanda kinadai mashuka meupe. Madobi waliomtangulia walianika mbele ya mahali pa kuotea moto, maana vyumba vyote vya hoteli ile vina dohani. Mashuka yakakauka, ndiyo, lakini kuna mgeni mmoja alishuka asubuhi akauliza kama kitanda chake kilikuwa kinabanikwa.

Dobi wetu akatafuta njia yake. Alikuwa ameoa kwetu, mwanamke wa Masukulu, na shemeji yake alikuwa dereva wa Fuso iliyoshusha ndizi Kyela na kupandisha mchele. "Fundi," aliniambia, "nyie Wanyaki mna kila kitu huku juu. Maziwa mnayo, ndizi mnazo, baridi ndiyo usiseme. Jua hamna. Jua liko Kyela, na mimi nina shemeji anakwenda kila siku!" Basi asubuhi mashuka mabichi yalipakiwa juu ya ndizi, yakateremka hadi kwenye joto. Huko mke wa shemeji aliyatandaza kwenye uwanja wa kuanikia mpunga, mchana yakawa makavu yamekakamaa, na jioni yakapanda juu ya magunia ya mchele. Yalirudi yananukia mpunga mpya. Wageni wa Dar es Salaam walikuwa wanauliza sabuni gani ile.

Hapo ndipo ulipoanza mtindo ambao sidhani kama uko mji mwingine. Wauza maziwa na ndizi wa sokoni waligundua kwamba mabunda meupe yakipanda kwenye Fuso, hoteli inangoja wageni. Hakuna aliyewafundisha. Wakiyaona tu, mama mmoja anasema, "Mashuka yamepanda!" na mwenzake anampokea, na kabla Fuso haijazima injini, wanawake wako kwenye mlango wa jikoni na maziwa, maparachichi, na mikungu ya ndizi. Mpishi hakuwahi kutuma mtu sokoni. Alitazama tu mlangoni akachagua.

Madoa aliyachukia kama adui wa ukoo. Alishika shuka, akalinusa, akalielekeza kwenye mwanga, kisha hukumu ikatoka. "Hii chai ya maziwa. Kanywea kitandani, huyu." Au: "Lahaula! Huyu kala parachichi kwa mikono halafu kalala." Doa likimshinda kabisa aliuliza swali moja, daima lilelile: "Hapa kalala mtu au ng'ombe?" Siku moja alimfuata mgeni mezani, mtu mzima mwenye tai, akamwambia kwa adabu zote za pwani, "Samahani mheshimiwa, ile kahawa ya chumbani kwako, ulikuwa unakunywa au unaoga?" Yule mgeni alicheka mpaka akapaliwa. Mwenye hoteli, marehemu sasa, hakucheka. Alimwita ofisini. Dobi akatoka huko ananong'ona kwamba ameonywa, na jioni ile ile akamwonya mgeni mwingine.

Ungedhani mtu wa namna hiyo mwenyewe aling'aa. Thubutu! Shati lake halikujua pasi. Embe la Kyela alilila kibarazani kwangu na maji yanamtiririkia hadi kwenye viwiko, akajifutia mbele ya kanzu. Mkewe alinilalamikia waziwazi: "Fundi, mimi mke wa dobi nalalia kanga iliyopauka. Mashuka yangu yako kwenye beseni tangu juzi. Ya wageni yanapelekwa Kyela kwa gari, yangu hata uani hayajafika." Nikamfikishia Dobi. Akajibu, "Yeye mwenyeji. Mwenyeji anavumilia."

Historia ya hoteli ile wengine watakusimulia kwa wakubwa waliolala humo. Dobi aliisimulia kwa mashuka. Kulikuwa na enzi za mashuka ya kitani, mazito, yaliyotariziwa ukingoni, ya wazungu wa mashamba ya chai waliokuja kucheza karata na kugombania mahali karibu na moto. Halafu, baada ya Uhuru, yakaja ya pamba ya viwanda vyetu, yenye mstari wa kijani. "Haya ndiyo mashuka yaliyolaliwa na watu wengi kuliko yote," alisema, kwa majivuno kama yeye ndiye aliyelima pamba. "Walimu, mabwana shamba, vijana wa fungate. Zamani mtu wa kwetu aliingia hoteli hii kwa mlango wa nyuma amebeba kuni. Mimi nimefua mashuka ya watu waliokuwa wakibeba kuni." Aliposema hivyo hakuwa anatania.

Kisha ikaja enzi ya foleni, sabuni hakuna, nguo hakuna. Sisi wenye umri tunaikumbuka. Dobi alifulia majani ya mpapai. Na hapo ndipo mimi nikaingia katika historia ya hoteli, tena kwa mlango wa mbele. Shuka huchakaa katikati, pale mwili unapolala, kandokando linabaki zima. Kwa hiyo unalikata katikati kwa urefu, unageuza, kingo zinakutana zinashonwa pamoja, pale palipochakaa panakwenda pembeni. Shuka linapata maisha mengine, ila lina mshono katikati. Niligeuza mashuka ya hoteli nzima. Wageni wakaanza kulalamika kwamba mshono unawachoma mgongoni. Dobi akawajibu kwamba huo si mshono, ni mpaka, kila mtu na upande wake. Bwana mmoja na mkewe waliofika wamenuniana waliondoka wanacheka, na mpaka leo Dobi anadai ndoa ile tuliiokoa sisi wawili, yeye kwa maneno na mimi kwa uzi.

Kuna lingine siwezi kuliacha. Mtandika vitanda mmoja alikuwa binti wa Lupepo aliyeolewa Masoko. Kwa mila yetu ya Kinyakyusa, mke haonani na baba mkwe. Akimsikia anakuja anapisha, anajificha, na vitu vya kulalia vya mzee yule hagusi. Basi siku moja mzee wa Masoko akaja mjini kwa mkutano, mvua ikamzuia, wenzake wakamlipia chumba. Binti yuko ndani anatandika. Anasikia kikohozi kwenye ngazi. Akakitambua! Ngazi ni moja tu, na mkwe ndiye anaipanda. Binti akatoka kwa dirisha, akasimama kwenye ukingo wa paa la veranda na mto wa kulalia kifuani, mji mzima unamtazama.

Mimi nilikuwa napiga kelele. Dobi alikuja na ngazi ya kuanikia, akamteremsha, halafu akapanda mwenyewe kwenda kumalizia kitanda. Mzee akamkuta. "Mbona unatandika wewe? Dobi si kazi yake kufua?" Dobi akamjibu, "Tata, leo nimejipandisha cheo." Tangu siku hiyo, akiona mzee yeyote wa Masoko mapokezini alikwenda kwanza kumuuliza binti, "Huyu ni wako?" Mtu wa pwani, Mwislamu wa swala tano, akawa ndiye mlinzi wa mila yetu hotelini. Na misibani kwetu aliimba nyimbo za kanisani kwa Kinyakyusa chenye lafudhi ya Tanga, kwa sauti kubwa kuliko wazee wa kanisa. Ukimcheka anasema marehemu hakumcheka.

Basi. Mwenye hoteli akafariki, na watoto wake wakashindwa kuelewana. Wakaja na magari yao, wakagombana veranda nzima, wakafunga. Funguo zote zilikusanywa, isipokuwa wa stoo ya mashuka. Hakuna aliyeukumbuka, na Dobi hakuwakumbusha.

Alifua nguo za watu mjini akapata mkate wake. Lakini kila wiki alipita geti la nyuma, mlinzi akamfungulia, akatoa mashuka ya hoteli stoo, akayafua, akayapakia kwenye Fuso, yakateremka Kyela, yakapanda. Mashuka masafi, ambayo hayajalaliwa na mtu! Mkewe alimuuliza mbele yangu, "Unafua mashuka ya nani?"

"Ya wageni."

"Wageni gani?"

"Wanaokuja."

"Hoteli ina kufuli, mzee wangu."

"Kufuli linafunguliwa kwa dakika moja," akasema. "Shuka lenye ukungu ndiyo basi tena. Wakifungua wakakuta vitanda havina cha kutandika, watasema jengo limekufa, watabomoa waweke maduka. Wakikuta liko tayari, wataona haya."

Hilo ndilo alilolitaka duniani, sikumsikia akitaka jingine: hoteli ifunguliwe na mtu alalie mashuka yale, kabla mashuka hayajaisha au yeye hajaisha. Na shida ilikuwa kufua kwenyewe. Asipofua, ukungu unayala. Akifua, kufua kunayala. Kila wiki yalikuwa membamba zaidi. Aliniletea, nikageuza, nikatia viraka, nikakata lililokufa kuponya lililo hai. Rafu zilizokuwa zimejaa zikaanza kuonyesha ubao. Niliumia. Nilishona kwa uzi wangu mwenyewe na nikajifanya nanung'unika, ili asije akanishukuru, maana akianza kushukuru anatoa machozi, na mimi sina dawa ya machozi ya mzee.

Sokoni ilikuwa aibu. Mwanzoni mabunda yalipopanda, akina mama walibeba maziwa na ndizi wakakimbia, wakakuta kufuli. Wakarudi nayo. Safari nyingine wakaenda wachache. Mwisho wakaacha, na Fuso ikipita mtu anasema, "Mashuka ya majini hayo." Dobi alisikia. Alicheka nao, halafu akaja kibarazani kwangu akaiacha chai ikapoa mbele yake, na hiyo kwake haikuwa kawaida.

Miaka ikaenda. Hatimaye ndugu wakapatana, na binti mdogo wa marehemu akakabidhiwa hoteli. Mtoto mwenye adabu, nisimsingizie. Alipaka rangi, akarekebisha dohani, akaleta mashine za kufulia na kukaushia. Akaja hadi kwa Dobi, akamshika mkono. "Shikamoo babu. Nimesikia uliyoyafanya. Ila usisumbuke tena, mashuka nimeagiza mapya Dar. Wewe pumzika."

"Marahaba, mama. Umefanya vizuri," Dobi akasema.

Alipoondoka nikamwangalia. "Sasa?"

"Sasa nini? Si inafunguliwa? Nilitaka ifunguliwe."

"Ulitaka na yalaliwe."

"Fundi, shona," akasema. Lakini wiki ile ya ufunguzi, kwa mazoea tu, au kwa ukaidi, alifua tena, akapeleka Kyela.

Ufunguzi ulikuwa Jumamosi, na harusi. Wageni kutoka Mbeya, Iringa, wengine Dar, vyumba vyote vimejaa. Kufika mchana nikamwona yule binti anavuka barabara anakimbia, viatu mkononi. Gari la mashuka lilikuwa limekwama njiani, lori limelala barabarani upande wa juu, hakuna kupita mpaka kesho.

"Mama Fundi, mashuka ya babu yako wapi?"

Nilitamani kucheka na kulia. "Kyela."

Dobi alikuwa amekaa nyuma yangu anavunja karanga. Akasimama polepole, akatoa simu yake ya vitufe, akampigia shemeji. Hakupiga kelele, kwa mara ya kwanza maishani mwake. "Shemeji, yamekauka? Yaanue. Acha mchele. Nimesema acha mchele, leta mashuka." Halafu akamgeukia binti. "Mama, ni membamba. Yana mishono katikati. Yana viraka vya huyu hapa."

"Babu, ni makavu?"

"Makavu, mama."

"Basi ni mazuri kuliko yangu."

Tukangoja. Mawingu yakaanza kushuka kutoka Rungwe, meusi, na Dobi akatoka nje akayatazama. Hakuyagombeza. Alisema tu, "Leo naomba." Sijawahi kumsikia akiyaomba.

Fuso ikatokea kwenye kona ya chini, haina gunia hata moja, ina mabunda meupe tu na turubai lililolegea upande. Kona moja ya shuka ilikuwa inapepea. Soko zima likageuza shingo. Halafu nikamsikia mama mmoja, mzee, muuza maziwa wa tangu zamani, akiniuliza kutoka ng'ambo ya barabara, "Fundi, leo ni kweli?"

"Ni kweli!" nikamwambia. "Mashuka yamepanda!"

Jamani, zile mbio! Maziwa, ndizi, maparachichi, mmoja kabeba kuku amemshika miguu. Mpishi mpya, kijana aliyesomea upishi, alifungua mlango wa jikoni akakuta umati unamsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile," hajui hata aanze wapi. Akaanza na kuku. Na mvua ilianza bunda la mwisho likiwa limeshavuka mlango.

Siku hizi Dobi hayuko Tukuyu. Miguu imeikataa baridi, amehamia Kyela na mkewe, kwa shemeji. Nikimpigia simu ananiambia amekwenda kujianika. Kwa hiyo ninapomkumbuka huku mjini namkumbuka kama nilivyomwona asubuhi ya Jumapili ile, baada ya harusi.

Nilikuwa nimevaa kwenda kanisani. Nikamsikia anaita kutoka uani, "Fundi! Fundi, njoo!" Nikadhani kaanguka. Nikapita geti bila hata kumsalimia mlinzi. Nikamkuta amekaa kwenye karai lililopinduliwa, mbele yake mlima wa mashuka yaliyotoka vitandani, yamekunjamana, na moja amelishika juu, analielekeza kwenye mwanga.

"Ona," akasema. "Ona hapa. Chai ya maziwa. Kanywea kitandani!" Akalitupa, akachukua jingine. "Hii hina ya bibi harusi, Fundi, mkono mzima umejichora. Na hili, wallahi, sijui hapa kalala mtu au ng'ombe." Machozi yalikuwa yanamtoka na hajali. "Chafu! Yote machafu! Miaka yote ile nafua mashuka masafi."

Sina dawa ya machozi ya mzee, nimeshasema. Nikakaa pembeni yake kwenye saruji, na gauni langu la kanisani.

Yule binti akatokeza mlangoni. "Babu, mashine ziko tayari. Nimtume mtu ayachukue?"

"Mashine zingoje, mama," Dobi akamjibu, na bado amelishika lile lenye hina. "Acha niyaone kwanza."